Urafiki wa wanafunzi na watu wazima wenye ulemavu wa akili: dhana na ukweli

Dhana: Ni kama kulea mtoto mkubwa.
Mtu wa miaka 40 ameishi miaka 40. Ana timu anayoishabikia, ana kazi au anaitafuta, na wapo watu asiotaka kuwaona. "Akili ya mtoto wa miaka saba" ni tafsiri ya alama za kipimo cha akili, haimwelezi mtu. Basi acha kumpapasa kichwa na kumletea vitabu vya kupaka rangi ambavyo hakuviomba.

Dhana: Ulemavu wa akili ni ugonjwa wa akili.
Hapana. Ulemavu wa akili huanza katika kipindi cha ukuaji na hugusa kujifunza na shughuli za kila siku. Mwenye ulemavu huo anaweza pia kupata sonona, kama yeyote.

Dhana: Akisema "ndiyo" amekubali.
Hapa ndipo wengi hujikwaa. Wapo waliojifunza tangu utotoni kwamba kukataa huleta kufokewa, kwa hiyo huitikia lolote. Ukimtajia mambo mawili, huenda akachagua la mwisho kwa sababu ndilo lililobaki kichwani. Muulize tena baadaye ukiwa umegeuza mpangilio. Jibu likibadilika, tumia picha au vitu vyenyewe. Ukishauliza, nyamaza na uhesabu kimoyomoyo hadi 10. Ukilazimika kurudia swali, tumia maneno yale yale, maana maneno mapya humrudisha mwanzo.

Dhana: Wa kuulizwa ni mlezi.
Mlezi aulizwe kuhusu dawa za kifafa, vyakula vinavyoweza kumkaba na usafiri. Mwende wapi, na picha yake iwekwe mtandaoni au la, aulizwe mwenyewe. Ibara ya 12 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu (2006) inamtambua kuwa na uwezo wa kisheria sawa na wengine.

Dhana: Mwanafunzi hutoa, mwenzake hupokea.
Best Buddies, shirika la Marekani linalowaunganisha watu wenye ulemavu wa akili na marafiki, lililoanzishwa na Anthony Kennedy Shriver mwaka 1989, lilijengwa juu ya urafiki wa mtu na mtu. Kwa vitendo: chagueni matembezi kwa zamu, kila mmoja ajilipie, na kama bajeti yake ni ndogo pangeni jambo lisilo na gharama. Mwanafunzi anayelipa kila mara hugeuka mfadhili, na mfadhili haambiwi ukweli.

Dhana: Anayepiga simu mara ishirini kwa siku ni msumbufu.
Mara nyingi hakuna aliyemwekea mpaka unaoeleweka. "Usipige sana" haimwambii kitu. "Nipigie Jumanne na Ijumaa baada ya chakula cha jioni" inaeleweka, ilimradi siku hizo upokee.

Dhana: Masomo yakiisha, urafiki utafifia wenyewe.
Hautafifia kwake. Atabaki akisubiri, pengine akijilaumu, hasa kama wahudumu kadhaa wamekwisha kupita maishani mwake bila kuaga. Mweleze wiki sita kabla, tieni alama tarehe ya kuagana kwenye kalenda yake, na mkutane mara ya mwisho mkijua ni ya mwisho. Usiseme "tutaonana" kama hutarudi. Simu moja kwa mwezi unayoiweza ni bora kuliko ahadi ya kila wiki itakayokufa mwezi wa pili.