Mpango imara si lazima uwe wa haki

Wengi wakisikia kwamba madaktari wapya wa Marekani hupangiwa hospitali kwa kanuni ya ulinganishaji imara, hudhani kila mmoja amepata anachostahili. Sivyo. Neno imara hapa lina maana finyu: hakuna daktari na hospitali ambao wote wawili wangependelea kuungana wenyewe kuliko kubaki walikopangiwa.

Tuseme Asha anaipenda hospitali ya Kaskazini na Juma anaipenda ya Kusini, ilhali Kaskazini inamtaka Juma na Kusini inamtaka Asha. Madaktari wakitangulia kuomba, kila mmoja hupata chaguo lake la kwanza na hospitali zote huambulia la pili; hospitali zikitangulia, mambo hugeuka. Mipango yote miwili ni imara.

Wanahisabati David Gale na Lloyd Shapley walithibitisha mwaka 1962 kwamba mpango imara hupatikana daima, na kwamba upande unaoomba ndio unaonufaika. Mfumo wa Marekani, ulioanza mwaka 1952, ulizipendelea hospitali hadi ulipogeuzwa mwaka 1998, ingawa (na hili huwashangaza wengi) mageuzi hayo yaligusa takriban mwombaji 1 tu kati ya 1,000.