Simu Haikai na Chaji: Lithiamu Imekwenda Wapi?

Ukimpelekea fundi simu ya miaka mitatu isiyokaa na chaji, atakwambia betri imekufa. Ni kweli. Lakini betri haifi siku hiyo. Imekuwa ikipungua kidogo kidogo tangu ilipotoka kiwandani, na upungufu huo una sababu zinazopimika.

Betri za simu ni za lithiamu-ayoni, aina iliyoanza kuuzwa na Sony mwaka 1991. Zina pande mbili na kimiminika katikati kiitwacho elektroliti. Ukichaji, ayoni za lithiamu, yaani chembe zake zenye chaji ya umeme, huhamia upande wa grafaiti, ambayo ni aina ya kaboni. Ukitumia simu, hurudi zilikotoka. Shida ni kwamba hazirudi zote. Elektroliti ikigusa grafaiti iliyojaa chaji huvunjika, ikaacha utando mwembamba juu yake, mfano wa ukoko wa wali chini ya sufuria. Tunauhitaji utando huo, maana ndio unaoikinga elektroliti isiendelee kuvunjika ovyo. Ila kila unapoongezeka unene, kuna lithiamu imenasa humo na haitafanya kazi tena.

Joto huuongeza upesi. Chaji iliyojaa pomoni nayo huusumbua upande wa pili, wenye madini kama kobalti na nikeli. Kwa hiyo simu yenye chaji 100% iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari, jua la Dar es Salaam likiwaka, inapata adha mbili kwa mpigo. Baridi kali ina lake: ukichaji haraka kwenye barafu, lithiamu hujipaka juu ya grafaiti badala ya kuingia ndani.

Sasa mtafiti atajuaje mapema kwamba betri fulani itadumu miaka kumi? Hawezi kukaa akisubiri. Katika Chuo Kikuu cha Dalhousie, mjini Halifax, Kanada, Jeff Dahn na wenzake walijenga mitambo ya kupima kwa usahihi mkubwa mno umeme unaoingia na unaotoka. Piga hesabu mwenyewe. Kila mzunguko wa kuchaji na kutumia ukirudisha 99.9% ya lithiamu, baada ya mizunguko 1,000 inabaki kama 37%. Ukirudisha 99.99%, inabaki kama 90%. Tofauti ndogo namna hiyo, ikipimwa ndani ya wiki chache, inakueleza mambo ya miaka.

Chuoni hapohapo, mwaka 2023, watafiti walieleza jambo ambalo mimi hulisimulia kila ninapopata nafasi. Walifungua seli, yaani betri mojamoja, zilizokuwa zimewekwa kwenye joto kali, wakakuta elektroliti, ambayo kwa kawaida haina rangi, imekuwa nyekundu. Walipoichambua walikuta dimethili tereftalati, kemikali ambayo hakuna aliyeitia humo. Ilitoka kwenye kipande cha utepe kinachoshikilia matabaka ya seli yasifunguke, utepe wa PET, plastiki ileile ya chupa za soda. Kemikali hiyo hubeba chaji kutoka upande mmoja hadi mwingine ndani kwa ndani, na betri hujimaliza yenyewe hata kifaa kikiwa kimezimwa. Kujimaliza huko si sawa na kupoteza lithiamu moja kwa moja, na wengi waliona ni tabia tu ya betri.

Utepe wa polipropilini, plastiki ya aina nyingine, hauzai kemikali hiyo.