Eti ukishazoea kelele za magari hazikudhuru?

Jamani ile meseji ya kwenye magrupu eti ukishazoea kelele za barabarani hazikudhuru tena, naomba tuache kuifowadi. Ni kweli nusu tu. Anayelala kando ya Barabara ya Mandela hapa Dar anaacha kushtuka kila lori likipita, lakini masikio hayafungi usiku, ubongo unaendelea kusikia, mapigo ya moyo yanapanda na homoni za stresi zinatoka hata kama hajafumbua macho, na hiyo ikijirudia miaka na miaka inaongeza hatari ya presha na magonjwa ya moyo. Tunachanganyikiwa kwa sababu mwili unavyoshtuka kwa sekunde chache usiku, asubuhi hukumbuki, unajua tu umelala masaa nane na bado umechoka.

Unataka kuhakikisha? Pakua programu ya kupima sauti kwenye simu, haipimi sawasawa kabisa ila inakupa picha, kiwango kinachoshauriwa kwa kelele za magari usiku, nje ya nyumba, ni chini ya desibeli 45. Au kalale siku kadhaa kwa ndugu anayekaa mtaa uliotulia uone unavyoamka. Kama kuhama haiwezekani, hamishia kitanda chumba cha nyuma, na presha ukapime hata kama huumwi.