Boléro ya 1930: santuri inayosingiziwa

Mwekee mtu kwa mara ya kwanza santuri ya Boléro, muziki wa okestra, iliyoongozwa na mtunzi wake mwenyewe, Mfaransa Maurice Ravel, na okestra ya Lamoureux, Paris, Januari 1930. Atatulia dakika tatu, kisha ataanza kulalamika.

Dhana: Inajikokota, mashine imechoka.

Mashine ni nzima. Ravel ndivyo alivyoutaka muziki wake: kama dakika 16, mwendo ule ule tangu ngoma inaponong'ona hadi tarumbeta zinapopayuka. Mei mwaka huo huo Arturo Toscanini, kiongozi wa okestra Mwitaliano, alifika Paris na okestra ya New York akaukimbiza, na Ravel, aliyekuwepo ukumbini, alikasirika bila kuficha. Sisi tumezoea za haraka, basi hii ya mwenyewe tunaiona mgonjwa.

Kinachonichekesha ni kwamba walalamishi hao hao hushikilia kuwa zamani kila kitu kilikimbizwa ili kitoshe kwenye santuri. Ni kweli upande mmoja ulibeba dakika nne na ushei tu. Lakini hapa muziki ulikatwa vipande vinne kwenye santuri mbili. Msikilizaji aliinuka, akageuza, akashusha sindano, na ngoma ikaendelea pale pale ilipoachia.

Dhana: Mpiga tromboni kalewa.

Sauti yake inateleza toka noti hadi noti, kama mtu anayekosa ngazi lakini haanguki. Ndio uchezaji wa siku zile, na fidla nazo zinateleza. Ravel alikuwa amesimama mbele yao na kijiti mkononi. Angetaka wanyooke, angewaambia. Tena alirudi kutoka Marekani mwaka 1928 akiwa ameshiba jazi, ambamo tromboni huteleza hivyo hivyo. Karibu na mwisho wa Boléro tromboni zimeandikiwa miteremko ya wazi kabisa.

Dhana: Inakwaruza, kwa hiyo ilirekodiwa kwa pembe, ile njia ya zamani isiyotumia umeme.

Maikrofoni za umeme zilishaingia studio tangu 1925. Mkwaruzo ni wa santuri yenyewe na sindano.

Dhana: Lebo ikisema Ravel, ni Ravel.

Kwa Boléro, sawa. Ila Koncheto ya Piano katika G, muziki wake wa piano na okestra uliorekodiwa 1932, iliuzwa kwa jina lake kama kiongozi wa okestra, na watu wameisifu miaka mingi kwa "mkono wa mtunzi". Aliyeshika kijiti ni Mreno, Pedro de Freitas Branco. Ravel alikuwa pembeni akisimamia. Kwenye piano lebo imeandika Marguerite Long, na huyo alikuwa Marguerite Long kweli.