Shashi Ndani ya Chemba: Paratifoidi Ilivyosakwa Sidmouth

Katika mbinu zote za kusaka magonjwa ya kuambukiza, ninayoienzi zaidi inahitaji kipande cha shashi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda) na uzi tu. Ilianzia Sidmouth, mji mdogo wa pwani huko Devon, Uingereza, katika miaka ya 1940.

Wagonjwa wa paratifoidi, ugonjwa unaofanana na homa ya matumbo (taifodi), walikuwa wakijitokeza mmojammoja, bila chanzo kuonekana. Sheria ya kuripoti magonjwa ya kuambukiza Uingereza ilikuwepo tangu 1889, lakini taarifa ya daktari humhusu anayeumwa. Anayesambaza paratifoidi mara nyingi haumwi: vimelea vimejificha kwenye mfuko wa nyongo, naye anapika na kulea watoto kama kawaida.

Mtaalamu wa bakteria, Brendan Moore, akageukia majitaka. Ugumu ni kwamba mbebaji huyo asiyeumwa hatoi vimelea kila siku, na vikitoka hupita kwenye chemba (shimo la kukagulia mfereji wa majitaka) mara moja vikaenda zake. Ukichota chupa saa nne asubuhi, umepima maji ya saa nne tu. Moore alikunja shashi, akaifunga uzi na kuitundika ndani ya chemba kwa siku kadhaa, majitaka yapite na vimelea vinase. Shashi ikitolewa hupelekwa maabara kuoteshwa.

Utamu wa kazi uko hapa. Chemba kuu ikionyesha vimelea, unapanda na mfereji hadi unapogawanyika, unatundika shashi kwenye kila tawi. Tawi safi unaliacha, lenye vimelea unalifuata mtaa kwa mtaa, mpaka zibaki nyumba chache. Ndipo unapiga hodi na kuomba vipimo vya choo. Moore alichapisha matokeo yake 1948.

Na hodi hiyo ipigwe kwa heshima. Mbebaji si mhalifu. New York ilimtenga Mary Mallon, mpishi aliyebeba vimelea vya taifodi bila kuumwa, kwa zaidi ya miaka 25, na naona alidhulumiwa.

Wazo la kuyapima majitaka bado linatuokoa. Mwaka 2018, majitaka ya Eastleigh, Nairobi, yalionyesha kirusi cha polio kilichotokana na chanjo (kirusi dhaifu cha chanjo ya matone kilichobadilika kikirudia ukali) ilhali hakuna mtoto wa Kenya aliyekuwa amepooza kwa kirusi hicho, na kampeni ya chanjo ikafanyika. Ila penye vyoo vya shimo hakuna chemba ya kufuata. Huko hatuna budi kupima mito na mifereji ya wazi, na ukiona vimelea mtoni, kuijua nyumba vilikotoka ni kazi nyingine kabisa.