Je, Shahada ya Fizikia Huishia Ubaoni?

Kwa miaka mingi wazazi wa Uganda wamemwambia kijana anayetaka kusoma fizikia Makerere kwamba mwisho wake ni chaki na ubao tu. Imani hiyo haikuzuka bure, kwa kuwa wahitimu waliokuwa wakionekana mitaani wengi walikuwa walimu wa sekondari, na ualimu ni kazi ya heshima; kosa limo katika hilo neno "tu".

Katika Taasisi ya Saratani ya Uganda, kule Mulago, mashine mpya ya kobalti-60, metali inayotoa mionzi ya kutibu saratani, ilizinduliwa mwaka 2018. Daktari huamua mgonjwa apewe mionzi kiasi gani, lakini kukokotoa ni muda gani miale ielekezwe kwenye uvimbe bila kuumiza uti wa mgongo ni kazi ya mtaalamu wa fizikia ya tiba. Nguvu ya kobalti hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5.3 hivi, yaani takribani asilimia 1 kwa mwezi, kwa hiyo dakika zilizotosha Januari hazitoshi Desemba. (Ni hesabu ileile ya kidato cha sita ambayo wengi huikariri na kuisahau.)

Wapo pia wanaosoma mawimbi ya mitetemo kutafuta mafuta kandokando ya Ziwa Albert, na wanaotabiri mvua. Hata hivyo, shahada ya kwanza pekee mara nyingi haitoshi: fizikia ya tiba hudai uzamili na mafunzo ya hospitalini, na mzazi anayeuliza gharama zake anauliza swali la haki.