Dawa Lishe na Kinga ya Mwili: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Baridi ya Juni na Julai ikishika Arusha na Moshi, tangawizi, malimau, unga wa mlonge na makopo ya vitamini hununuliwa kwa wingi. Vingi vina kazi yake. Shida ni pale vinapopewa kazi visiyoiweza.

Dhana: Ukishaugua, vitamini C nyingi hupandisha kinga.
Mtu mzima anahitaji takriban miligramu 75 hadi 90 kwa siku. Pera moja la wastani linatosha. Wanaoitumia kila siku kabla hawajaugua, mafua yao hufupika kidogo tu. Kuianza kamasi zikishatoka hakujaonyesha faida ya kuaminika, na kupitisha miligramu 2,000 kwa siku huweza kuleta kuhara, hata mawe kwenye figo. Limau usilichemshe, kwani moto huharibu vitamini hiyo. Epua chai, ipoe kidogo, ndipo ukamue.

Dhana: Cha asili hakigombani na dawa za hospitali.
Hapa ndipo tunapowaomba watu wawe makini zaidi, maana madhara yake hayaonekani haraka. Zinki, chuma, kalsiamu na magnesiamu hushikamana na baadhi ya dawa tumboni, dawa hizo zikatoka bila kuingia kwenye damu. Anayetumia dolutegravir, dawa ya VVU iliyomo ndani ya kidonge cha TLD, aimeze saa 2 kabla ya vidonge vya madini au saa 6 baada yake. Siprofloxasini, dawa ya kuua bakteria, hufuata saa hizohizo. Vidonge vya kitunguu saumu navyo huongeza hatari ya kuvuja damu kwa anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda. Nenda kliniki na kopo lenyewe, si jina lake tu: madini yameorodheshwa ubavuni.

Dhana: Zinki ni ya kila homa ya mtoto.
Kazi yake iliyothibitika ni kwenye kuhara: miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14; kwa mtoto wa chini ya miezi 6, miligramu 10 kwa siku. Kidonge huyeyushwa kwenye kijiko cha maji safi au maziwa ya mama. ORS, maji ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, iendelee sambamba.

Dhana: Asali haimdhuru mtoto yeyote.
Kabla ya mwaka 1, hapana kabisa. Inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa unaolegeza misuli. Baada ya hapo, nusu kijiko cha chai hadi kijiko kimoja wakati wa kulala hutuliza kikohozi.

Dhana: Nyungu huua virusi.
Haiui. Hufungua pua kwa muda, na sufuria ikimwagika huunguza vibaya, hasa watoto.

Homa ikipanda, hasa kwa wakazi wa tambarare za mpunga za Moshi, kapime malaria siku hiyohiyo kabla ya kuchemsha chochote.